Mbele ya Antony na Nyuma Yake: Mchezo wa Julius Caesar na Sinema Yake

Mara nyingi mtu akiisha kutazama sinema iliyotokana na mchezo alioujua kwanza kitabuni au jukwaani, huuliza swali moja tu: je, sinema hii imeufuata mchezo, au imeuacha? Akiona maneno yamepunguzwa hununa. Akiona yamebaki husifu. Swali hili si baya, lakini ni dogo. Ni kama kumpima mshonaji kwa kuhesabu vipande vya kitambaa vilivyoanguka sakafuni, pasipo kuitazama nguo yenyewe. Katika insha hii nataka nikuonyeshe, msomaji, swali jingine ambalo naliona ni kubwa zaidi: mchezo unamweka wapi mtazamaji, na sinema inamweka wapi?

Kwa mfano nitachukua mchezo wa Julius Caesar, uliotungwa na William Shakespeare, na sinema yake iliyotengenezwa Marekani mwaka 1953 chini ya uongozi wa Joseph L. Mankiewicz. Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba waweza kuusoma kwa lugha yetu wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, aliufasiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikapigwa chapa mwaka 1963. Baadaye akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sababu ya pili ni kwamba mchezo huu ulinifundisha juu ya nafsi yangu jambo ambalo sikupenda kulijua. Hilo nitalieleza mahali pake.

Kwanza tukumbuke kisa. Caesar, jemadari wa Roma, amerudi mjini na ushindi, na watu wanampenda kupita kiasi. Baadhi ya wakubwa wanaogopa kwamba atajifanya mfalme. Cassius anamshawishi Brutus, mtu mwadilifu na rafiki wa Caesar, aingie katika njama ya kumwua. Wanamwua kwa majambia siku ya 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Brutus anawaeleza raia kwamba amemwua rafiki yake kwa sababu ya kuipenda Roma, na raia wanaridhika. Mmoja wao hata anataka Brutus apewe nafasi ya Caesar. Ndipo Brutus anapofanya kosa lake kubwa. Anamruhusu Mark Antony, mwandani wa marehemu, aseme mbele ya maiti, na yeye mwenyewe anakwenda zake. Antony anasema, na akiisha kusema mji unawaka moto.

Tazama namna Antony anavyoisuka hotuba yake. Anaanza kwa unyenyekevu, kama mtu asiye na nia yoyote ila mazishi. Anawataja wauaji kwa sifa ya uungwana, tena na tena, hata sifa hiyo inageuka kuwa tusi masikioni mwa wasikilizaji. Anatoa karatasi ya wasia, kisha anakataa kuisoma mpaka raia wamlilie. Analiinua vazi la marehemu na kuwaonyesha tundu hili limetobolewa na nani, na tundu lile na nani. Ingawa wewe msomaji unajua kwamba Antony hakuyaona mauaji, kwa maana Trebonius alikuwa amemvuta kando kabla ya tendo lenyewe. Mwisho kabisa anausoma wasia: kila raia ameachiwa drakma 75, na bustani za Caesar zilizo kando ya mto Tiber ni za watu wote. Wahenga wamesema kwamba maneno mema hutoa nyoka pangoni. Hapa maneno mema yanamtoa nyoka aliyelala katika moyo wa kila mtu aliyesimama pale.

Sasa tuutazame mchezo huu ulivyochezwa zamani. Msafiri mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 aliuona mchezo wa Caesar katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi mjini London. Majumba ya michezo ya siku hizo hayakuwa na paa katikati, na mchezo ulichezwa mchana, kwa nuru ya jua. Jukwaa lilijitokeza mbele, na watu waliolipa peni moja walisimama wakilizunguka pande tatu. Mchezaji aliwaona watazamaji wake, na watazamaji waliona nyuso zao wenyewe kwa wenyewe. Shakespeare hakuhitaji kukodi maelfu ya Waroma kwa ajili ya hotuba ya Antony. Wachezaji wachache waliotosha kupaza sauti walikuwa chachu tu. Donge la unga lilikuwa limesimama chini ya jukwaa, limekwisha kulipa kiingilio.

Hili sikulifahamu vyema mpaka lilipotendeka kwangu. Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, tuliucheza mchezo huu kwa Kiswahili katika bwalo la chakula. Jukwaa letu lilikuwa meza za kulia zilizounganishwa pamoja na kutandikwa mablanketi ili zisifanye kelele. Raia wa Roma walikuwa wenzetu tisa, nao hawakupanda jukwaani. Mwalimu aliyetuongoza aliwaketisha kati yetu, mmoja huku na mmoja kule, wamevaa nguo zao za kila siku. Mimi sikuwa mchezaji. Kazi yangu ilikuwa kupokea tikiti mlangoni, na watu walipokwisha kuingia niliketi katika benchi la nyuma. Mchezo nilikuwa nimekwisha kuusoma mara mbili. Kila hila ya Antony niliijua, na kando ya kurasa zake nilikuwa nimeandika kwa penseli hila hii inaitwaje.

Hata hivyo, Antony alipoliinua shuka lililochovywa rangi nyekundu, wale tisa walipaza sauti, na jirani zao wakapaza pamoja nao, na sauti ikaja nyuma kama wimbi lijalo pwani. Nilijikuta nimesimama, ngumi juu, napiga kelele kwamba nyumba za wasaliti zichomwe. Hakuna aliyeniamuru. Elimu yangu ya penseli haikunisaidia hata kidogo.

Lakini Shakespeare hakuishia hapo. Mara baada ya hotuba aliweka onyesho fupi sana, ambalo laweza kuchezwa kwa dakika mbili tatu. Mtu mmoja aitwaye Cinna, mshairi, anatembea peke yake njiani. Raia wanamzingira na kumwuliza jina lake nani, anakwenda wapi, anakaa wapi, ana mke au hana. Anapotaja jina lake, wanasema huyu ni mmoja wa wauaji, kwa sababu kati ya wauaji yumo mwingine aitwaye Cinna. Maskini anajitetea kwamba yeye ni Cinna mtunga mashairi. Mmoja wao anajibu kwamba basi na auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Wanamburuta na kwenda naye. Hatumwoni tena.

Katika bwalo letu Cinna alikuwa mwenzetu mmoja mpole, mwenye miwani, aliyepewa sehemu hiyo kwa kuwa ilikuwa fupi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ule ule tulioingilia sisi sote, akapita katikati ya mabenchi. Wale tisa wakaondoka walipoketi, wakamzunguka. Majibu yake ya kwanza yalikuwa ya ucheshi, tukacheka. Liliposemwa lile neno la mashairi mabaya, wengine wetu tulicheka tena, nami nilikuwa miongoni mwao. Kisha wakamburuta nje, mlango ukafungwa, na miwani yake ikabaki sakafuni kati ya mabenchi. Kicheko hakikukoma mara moja. Kilikoma hapa, kikakoma pale, mpaka bwalo zima likawa kimya. Nilitambua kwamba nilikuwa ningali nimesimama.

Msomaji, huenda wewe ulizaliwa baadaye, lakini sisi tuliokuwa bwaloni siku ile tulikuwa watoto wa shule wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007. Katika wiki zilizofuata uchaguzi ule watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika nchi yetu ya Kenya. Wako waliosimamishwa barabarani wakatakiwa kutoa vitambulisho vyao, ili jina lijulikane, na kwa jina kabila lijulikane. Swali la kwanza aliloulizwa Cinna tulikuwa tunalifahamu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyetaka kumtazama jirani yake usoni.

Majuma machache baadaye tulionyeshwa ile sinema ya 1953 katika bwalo lilo hilo, juu ya kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani. Nataka niseme wazi kwamba ni sinema nzuri. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, nazo zinaupa mji wa Roma sura ya mawe na vivuli. Cassius anachezwa na John Gielgud, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amemcheza Cassius huyo huyo jukwaani huko Stratford, na kila neno analolisema lina uzito wake. James Mason anamcheza Brutus kama mtu anayeumwa na dhamiri hata kabla ya kutenda, na kamera inatusogeza karibu naye usiku bustanini, karibu kuliko mtazamaji yeyote anavyoweza kukaribia jukwaa. Wasiwasi wake tunauona machoni kabla haujafika mdomoni. Hiyo ni zawadi ambayo sinema peke yake yaweza kuitoa.

Antony anachezwa na Marlon Brando. Anatokea mlangoni juu ya ngazi za mawe akiwa ameibeba maiti ya Caesar mikononi, na chini yake pamejaa umati mkubwa, si watu tisa kama wetu. Anaanza kusema, nasi tunavutwa. Ndipo mwongozaji anapofanya jambo la ustadi mkubwa. Katikati ya hotuba Antony ananyamaza, kama aliyeshindwa na huzuni, na kuwapa raia kisogo. Jukwaani, mimi na wewe tungebaki na raia, tukikitazama kisogo hicho na kumhurumia mfiwa. Lakini kamera imekwisha kutuhamisha. Imetuweka upande wa pili, uso kwa uso na Antony, na raia wako nyuma yake wakinong'onezana. Tunauona uso ambao raia hawauoni. Nao ni uso wa mtu anayesikiliza na kupima kama dawa imeanza kufanya kazi. Hotuba ikiisha na ghasia zikianza, Antony anaondoka taratibu, na midomoni mwake pana tabasamu dogo.

Mwongozaji anafanya hivyo tena baadaye. Antony na wenzake wameketi wakiyatia alama majina ya watu wanaopasa kufa. Wenzake wakiisha kuondoka, anajinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi ya siku, anakigeuza kichwa cha Caesar kilichochongwa kwa jiwe kimwelekee yeye, kisha anaketi katika kiti. Hasemi neno. Katika mchezo wa Shakespeare kitendo hiki hakimo, lakini maana yake imo, na hapana shaka kimeongezwa na mtu aliyeuelewa mchezo.

Basi kwa nini sinema hii, pamoja na uzuri wake wote, iliniacha na amani ambayo mchezo uliniondolea? Usiku ule hakuna mtu katika bwalo aliyepiga kelele. Tuliketi gizani kwa utulivu, na tulipotoka nje kila mtu alisema, "Huyu Antony ni mjanja kweli!" Hakuna aliyesema, "Nimedanganywa." Jinsi gani tungesema hivyo? Kamera ilikuwa imetutoa mbele ya Antony na kutupeleka nyuma yake, pamoja na siri zake. Waliodanganywa walikuwa Waroma, kule chini ya ngazi. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ule mkuki ulionichoma katika mchezo, katika sinema niliutazama ukiwachoma wengine, nami nikaustaajabia ustadi wa mrushaji.

Na onyesho la Cinna mshairi halimo katika sinema. Kutoka ghasia za mazishi tunapelekwa moja kwa moja kwa wakubwa wanaogawana nchi. Waweza kudhani kwamba onyesho dogo kama hilo halina uzito, na kwamba kulikata ni kuokoa wakati tu. Lakini sikiliza habari hii. Mwaka 1937, Orson Welles aliuonyesha mchezo huu mjini New York, akawavika wachezaji mavazi ya siku zake, mfano wa wafuasi wa Mussolini wa Italia. Katika maonyesho hayo kifo cha Cinna mshairi ndicho kilichowatetemesha watu kupita yote, kwa kuwa waliutambua umati ule. Walikuwa wanasoma habari zake katika magazeti. Aliyeshirikiana na Welles kuiendesha kampuni ile ya michezo alikuwa John Houseman. Na John Houseman huyo huyo ndiye aliyeisimamia sinema ya 1953 kama mtayarishaji wake. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba sinema ililiacha onyesho hili kwa kutojua nguvu zake.

Mimi naona kwamba kukata huku kunapatana na njia nzima ya sinema. Sinema hii inatutaka tumfahamu Antony: uso wake, hila yake, tamaa yake. Kwa kazi hiyo Cinna hahitajiki. Mchezo unatutaka tuwafahamu wasikilizaji wa Antony, yaani sisi, na kwa kazi hiyo Cinna hawezi kuondolewa. Hotuba bila Cinna ni ushindi wa msemaji. Hotuba ikifuatwa na Cinna ni deni, na aliyelilipa ni mtu asiyehusika.

Yawezekana utanijibu hivi: "Mwalimu, kama sinema inatuonyesha uso wa mdanganyifu, je, haitufundishi zaidi kuliko mchezo unaotuacha tudanganyike?" Swali lako ni la haki, wala sitaki kulikwepa. Sinema inafundisha. Baada ya kumwona Brando huwezi tena kusikia mtu akisita katikati ya hotuba pasipo kujiuliza anasita kwa sababu gani. Faida hiyo si ndogo. Lakini fikiri. Utakapofika miaka kumi na minane na kwenda kwenye mkutano wa hadhara kusikiliza wanaoomba kura yako, ni nani atakayekupeleka nyuma ya msemaji? Utasimama mbele yake, kati ya watu, juani, na jirani zako watapiga kelele. Hata picha na maneno yanayokuja katika simu huja yakiwa yamechaguliwa na aliyeyatuma, naye amekuonyesha upande autakao. Katika maisha sisi sote tuna tikiti ya peni moja. Mahali petu ni chini ya jukwaa, na mchezo unatuzoeza kusimama mahali hapo.

Sikuambii uipuuze sinema. Nakuambia uitazame kwa macho mawili. Ukipewa kazi ya kulinganisha mchezo na sinema, usianze kwa kuandika orodha ya vilivyobadilishwa. Jiulize kwanza: katika onyesho hili mimi nimesimama wapi, na nani amenisimamisha hapa? Kisha jiulize: nimeonyeshwa nini ambacho watu wa ndani ya kisa hawakioni, na kujua huko kunanifanya niwahurumie au niwacheke? Halafu tafuta kilichoondolewa, na usikidharau kwa ufupi wake; uliza kazi yake ilikuwa nini, na sasa kazi hiyo inafanywa na nani. Ukiyajibu maswali haya kwa mifano iliyo dhahiri, insha yako itakuwa hukumu, haitakuwa hesabu ya duka.

Na ukibahatika shuleni kwenu kuucheza mchezo wa Julius Caesar, nakuomba jambo moja. Watu watakuambia kwamba wakati ni mfupi, na kwamba onyesho la mshairi laweza kuachwa bila kisa kuharibika. Usikubali. Tafuta mwenzako mpole, umpe sehemu hiyo, na umwingize kwa mlango ule ule walioingilia watazamaji. Kisha, bwalo likiwa kimya, angalia ni nani aliyesimama.